Mgeni njoo, mwenyeji apone? Bingwa wa mchezo mwingine anapoingia kwenye triathloni

Tuanze na mfano wa hapa nyumbani. Tuseme kata imeandaa mbio za baiskeli. Njia ni barabara ya kutoka Mazimbu kuelekea mjini Morogoro na kurudi, na zawadi ya kwanza ni mbuzi. Vijana wamefanya mazoezi miezi mitatu. Wengine ni wale wanaoshusha ndizi na mbogamboga kutoka milimani kwa baiskeli, miguu yao imekomaa kwa kazi. Asubuhi ya mashindano wanasikia kwamba Alphonce Simbu naye amejiandikisha.

Simbu hahitaji kutambulishwa. Ni mwanariadha kutoka Singida aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Lakini hizi ni mbio za baiskeli, si marathoni. Je, vijana wetu wafurahi au wanune?

Mfano huo tumeutunga sisi. Lakini jambo lenyewe hutokea kweli, na mchezo mmoja unaokutana nalo mara kwa mara ni triathloni. Katika makala hii tunaeleza mchezo huo ni nini, kwa nini mabingwa wa michezo mingine huupenda, na kwa nini wenyeji wa mchezo huwapokea kwa moyo wa aina mbili: mkono mmoja unapunga, mwingine unashika kiuno.

Triathloni ni nini?

Ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Saa haisimami hata wakati mshindani anavaa viatu. Ukitoka majini unakimbilia baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unaanza mbio.

Kuna urefu wa aina nyingi, lakini miwili ndiyo inayojulikana zaidi:

- Wa Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, mbio kilomita 10.
- Wa Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, mbio kilomita 42.2, yaani marathoni nzima.

Ili msikilizaji wa Mazimbu apate picha, kilomita 180 za baiskeli ni karibu sawa na safari ya kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam. Ukifika unashuka na kukimbia marathoni. Na kabla ya hayo yote umeshaogelea karibu kilomita nne.

Mchezo uliozaliwa kwenye ubishi

Watu wengi hawajui kwamba Ironman yenyewe ilianza kwa ubishi juu ya jambo hilihili tunalolizungumza. Huko Hawaii, kwenye miaka ya 1970, wanamichezo walikuwa wakibishana: nani ana pumzi na nguvu kuliko wote? Muogeleaji, mkimbiaji, au mwendesha baiskeli? Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akapendekeza njia ya kumaliza maneno. Wachukue mashindano matatu ya kisiwani hapo, wayaunganishe siku moja, na wa kwanza kumaliza ndiye aitwe mtu wa chuma.

Februari 18, 1978 watu 15 walijitokeza na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza triathloni ilikuwa mahali pa watu wa michezo mingine kuja kupimana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, mshindi wa mashindano hayo alikuwa John Howard, mwendesha baiskeli aliyekuwa ameiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki. Alitumia saa 9 na dakika 38. Aliachwa nyuma majini, kisha akapanda baiskeli na kuwapita watu mmoja baada ya mwingine.

Wakati huo hakukuwa na mwenyeji wa kumnunia, kwa sababu kila mtu alikuwa mgeni. Lakini miaka ikapita. Wakatokea watu waliokua na mchezo huo, wanaoufanya tangu ujana na wanaoishi kwa zawadi zake. Mwaka 2000 triathloni ikaingia kwenye Olimpiki ya Sydney. Nyumba ikapata wenyewe, na hapo ndipo suala la mgeni likaanza kuwa na uzito.

Kwa nini mgeni huangukia majini

Tukirudi kwa mabingwa wa Afrika Mashariki, swali hili husikika sana vijiweni: kama Wakenya, Waethiopia, Waganda na Watanzania wanatawala mbio ndefu, kwa nini hatuwaoni wakitawala triathloni?

Tupige hesabu ya kawaida. Wanaume wa daraja la juu huogelea kilomita 1.5 kwa takriban dakika 18, na mwishoni hukimbia kilomita 10 kwa takriban dakika 30. Mkimbiaji wetu bora anaweza kukimbia hizo kilomita 10 kwa dakika 27 au 28 akiwa hajachoka. Kwa hiyo, hata tukisema hajachoka kabisa, faida yake ni dakika mbili au tatu.

Sasa tumtie majini. Mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani anaweza kutumia dakika 30 kwa umbali huo. Ameshapoteza dakika 12 kabla hajagusa baiskeli. Faida ya miguu imeliwa yote, na deni bado lipo.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye hesabu. Katika triathloni ya Olimpiki, waendesha baiskeli wanaruhusiwa kwenda kwa kundi. Anayekaa nyuma ya mwenzake hapigwi na upepo, hivyo anaokoa nguvu nyingi. Kila aliyewahi kufuata nyuma ya lori kwa baiskeli anaielewa siri hiyo, ingawa tunashauri msiifanye barabarani. Anayechelewa kutoka majini analikosa kundi. Atapambana na upepo peke yake kilomita 40, na akizungukwa na walio mbele yake, sheria humtoa mashindanoni.

Ndiyo maana wanatriathloni wakisikia mkimbiaji mashuhuri anakuja, swali lao la kwanza ni moja tu: anajua kuogelea? Hawaulizi kwa kumdharau. Kuogelea hujengwa utotoni, na miguu yenye nguvu haisaidii sana ndani ya maji.

Hapa ndipo pia penye jibu la kwa nini sisi tuko nyuma. Katika Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania ilipeleka wanamichezo saba. Wanne walikuwa wakimbiaji wa marathoni, mmoja wa judo, na wawili waogeleaji: Sophia Latiff na Collins Saliboko. Hakukuwa na mwanatriathloni. Kijana wa kijijini mwenye pumzi za kutosha yupo, na baiskeli ipo hata kama ni ya mizigo. Kinachokosekana ni bwawa salama na mwalimu.

Mgeni aliyeshika jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika triathloni, mgeni anayeheshimiwa ni yule anayelishika jembe mwenyewe bila kusubiri siku ya tatu.

Mfano mzuri ni Beth Potter wa Uingereza. Alikimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na hakuwa miongoni mwa wa mbele. Baada ya hapo akahamia triathloni. Hakudai nafasi kwa sababu ya jina lake. Alianza chini, akajifunza baiskeli, akarudi kwenye kuogelea alikokufahamu tangu utoto, akashindwa mara kadhaa, akaendelea. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa triathloni, na mwaka 2024 mjini Paris akapata shaba ya Olimpiki. Leo hakuna anayemwita mkimbiaji aliyekuja kutembea.

Mwingine ni Mmarekani Gwen Jorgensen. Alikuwa muogeleaji na mkimbiaji wa chuo kikuu, kisha akawa mhasibu ofisini. Chama cha triathloni cha Marekani ndicho kilichomfuata na kumshawishi ajaribu. Mwaka 2012 alimaliza nyuma kabisa ya washindi kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2016 mjini Rio akachukua dhahabu.

Hadithi ya Jorgensen ina upande wa pili. Baada ya dhahabu hiyo alisema anahamia marathoni. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Katika marathoni ya Chicago mwaka 2018 alimaliza wa 11 kwa muda wa saa 2 na dakika 36. Ni muda ambao wengi wetu hatuuoti, lakini kwa wanawake wa daraja la juu la Kenya na Ethiopia ulikuwa mbali. Miaka michache baadaye akarudi kwenye triathloni. Ubingwa wa uwanja mmoja haumpi mtu ubingwa wa uwanja mwingine. Unampa nidhamu ya kuanza upya, basi.

Ugomvi halisi ni wa nafasi

Mgeni akipita mlango uleule ambao wengine wamepita, manung'uniko huwa machache. Manung'uniko makubwa huja anapopitishwa dirishani.

Mashindano ya dunia ya Ironman huko Kona, Hawaii, yana nafasi chache. Watu wa kawaida, yaani walimu, mafundi, wauguzi na wengineo, huzipata kwa kushika nafasi za mbele katika mashindano mengine ya Ironman. Wapo wanaojaribu miaka mingi na kukosa kwa dakika moja. Waandaaji waliweka hata utaratibu wa kuwakumbuka wakongwe: aliyemaliza angalau mashindano 12 ya Ironman bila kuwahi kufika Kona aliweza kuomba nafasi. Ebu fikiria, mashindano 12 ya aina hiyo ili upate tu haki ya kuomba.

Kisha mwaka 2013 akaonekana Kona Hines Ward, nyota mstaafu wa mpira wa Kimarekani. Mwaka uliofuata akaja Apolo Ohno, mshindi wa medali nane za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye barafu. Hawa waliletwa kwa mpango wa wadhamini, na kamera ziliwafuata tangu mazoezini.

Wenyeji waligawanyika. Upande mmoja ulisema: hizi nafasi ni jasho la watu, haziwezi kugawiwa kama pipi. Upande mwingine ulisema: nyota hawa wanaleta televisheni, televisheni inaleta wadhamini, na wadhamini ndio wanaolipa zawadi za mabingwa wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kilichopunguza maneno ni kazi yenyewe. Ohno alifundishwa na Paula Newby-Fraser, mwanamke aliyezaliwa mjini Harare, Zimbabwe, wakati ukiitwa Salisbury, na aliyeshinda Kona mara nane. Alifanya mazoezi kwa miezi na kumaliza chini ya saa 10. Ward alitumia zaidi ya saa 13, lakini alimaliza kwa miguu yake. Wapo waliobaki na hoja kwamba nafasi ni nafasi, na hoja hiyo ina haki yake. Lakini ni vigumu kumcheka mtu uliyemwona akitoka jasho lilelile unalotoka wewe.

Mgeni akija na mashaka

Kisa kigumu kuliko vyote kilikuwa cha Lance Armstrong. Yeye alianza kama mwanatriathloni wa kulipwa akiwa kijana, akahamia baiskeli, akawa jina kubwa duniani. Mwaka 2012, baada ya kustaafu baiskeli, alirudi kwenye triathloni. Alikuwa wa pili huko Panama mwezi Februari, kisha akashinda mashindano mawili ya nusu Ironman, Florida na Hawaii.

Mchezo ulipata umaarufu usio wa kawaida. Lakini wanatriathloni wengine walikuwa na wasiwasi, kwa sababu tuhuma za dawa zilikuwa zikimfuata kwa miaka. Mwezi Juni mwaka huohuo shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni lilimfungulia mashtaka, naye akazuiwa kushiriki mashindano ya Ironman. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amenyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France na kufungiwa maisha.

Kwa wenyeji lilikuwa jambo chungu. Waliokuwa wamefurahia kamera walijikuta wakieleza kwa nini walizifurahia. Umaarufu wa mgeni ni faida, ila hauondoi wajibu wa kumpima kama unavyompima mwingine yeyote.

Aliyesubiriwa kwenye mstari

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake, ingawa si cha triathloni. Ni cha Mkenya Philip Boit.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kampuni ya Nike ilimdhamini aende Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni. Mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10.

Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Wapo waliosema ni tangazo la biashara tu. Lakini mshindi wa dhahabu siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa mkubwa wa mchezo huo, hakuondoka. Alisubiri kwenye mstari wa kumalizia mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Sherehe ya medali ilisubiri.

Wawili hao wakawa marafiki, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Na Boit hakuishia hapo, alirudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006. Kama ilikuwa tangazo, basi mwenyewe aliligeuza kuwa kazi.

Tunakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha uwezo alionao mwenyeji. Dæhlie angeweza kuona mchezo wake unafanyiwa mzaha. Akaona mtu aliyetoka kwenye joto, akajifunza jambo gumu ukubwani, na hakukata tamaa mbele ya dunia nzima.

Turudi kwenye mbuzi wetu

Haya yote yanatuhusu vipi hapa? Yanatuhusu kwa sababu kila mwenye timu ya mchangani analijua neno mamluki. Kombe la mbuzi linaanza na vijana wa mtaa. Likifika nusu fainali, ghafla timu moja ina wachezaji watatu wa ligi kubwa. Watazamaji wanaongezeka na muuza karanga anafurahi. Lakini yule kijana aliyecheza mechi zote za mwanzo amekaa nje, ameshika viatu vyake mkononi.

Kwa waandaaji wa mashindano ya vijiji na kata, tunaona mambo manne ya kujifunza kutoka triathloni:

1. Kanuni zitangazwe mapema. Kama wageni wanaruhusiwa, ijulikane kabla watu hawajajiandikisha, si asubuhi ya mchezo.
2. Mgeni maarufu aongezewe nafasi yake, asichukue ya mwenyeji. Kama washiriki ni 30, awe wa 31.
3. Zawadi zitenganishwe. Nyota akishinda, apigiwe makofi na apewe kombe. Mbuzi abaki kwa wa kwanza miongoni mwa wenyeji.
4. Mgeni aombwe kuacha kitu. Saa moja ya kuwafundisha vijana namna ya kupasha misuli moto au kula kabla ya mbio ndefu inaweza kudumu kuliko picha ya simu.

Na kwa kijana anayesikia kwamba bingwa anakuja, tunasema usijitoe. Kushindana na aliye bora, hata kumwona mgongo tu, ni darasa ambalo wengi hulipia. Mazimbu yenyewe ina historia ya kupokea wageni. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi walisoma hapa katika Chuo cha Solomon Mahlangu mpaka wakarudi kwao, na mwaka 1992 majengo yakabaki kwa Tanzania, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mgeni aliyepokelewa vizuri huacha nyumba imesimama.

Tahadhari moja kabla hatujamaliza

Kama makala hii imekutia hamu ya kujaribu triathloni, anza na baiskeli na mbio. Usijifunze kuogelea peke yako mtoni au kwenye bwawa la maji la Mindu. Maji yaliyotulia juu yanaweza kuwa na kina cha ghafla, tope linalonasa miguu, au wanyama. Kuogelea kunafundishwa na mtu anayejua, mahali palipotengwa, na mtu wa kuokoa akiwepo. Yapo pia mashindano ya kukimbia, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia tena, bila maji kabisa. Huitwa duathloni, na barabara zetu zinatosha kuyaandaa.

Nawe msikilizaji, katika kijiji chenu nyota akija kwenye mashindano hufanyweje? Anapewa nafasi ya nani? Lizungumzeni kwenye kikao cha timu mapema, kabla mbuzi hajafungwa kamba pembeni mwa uwanja.